Kuyasema Mazishi Kabla ya Matanga

SWALI

Mimi ni mama wa miaka 66, mkazi wa Kisumu, na ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama katika kanisa letu. Mwaka jana tulimzika mwenzetu mmoja, na kabla jeneza halijashushwa kaburini wanawe walikuwa wamekwisha kugombana na shemeji zake kuhusu mahali pa kaburi, siku za kukaa mochari, na ng'ombe waliochukuliwa kwa mkopo ili wachinjwe. Sisi tuliokuwa tukisali naye tulijua alivyotaka, lakini hakuna aliyetuuliza, na hata tungeulizwa, neno letu lisingekuwa na uzito mbele ya ukoo. Baada ya hapo nilipendekeza tulizungumze jambo hili kikundini, na wazee wawili wa kanisa wakaniambia kwamba ninakaribisha mauti. Nilipomuuliza mume wangu, mwenye miaka 74, angependa azikwe vipi, alinyamaza, kisha akaniuliza nina haraka gani. Nifanye nini ili tuzungumze bila kuonekana ninamwombea mtu kifo? Je, aliyoyasema mtu kwa mdomo yana nguvu yoyote kisheria?

Mama wa Kanisa, Kisumu

JIBU

Mama, pole kwa msiba wa mwenzenu, na pole pia kwa jibu ulilopewa nyumbani. Nakuomba usimlaumu Mzee. Katika sehemu zetu mke anayetaja kifo cha mumewe ndiye wa kwanza kunyoshewa kidole mume huyo anapofariki, na Mzee amekua akiyasikia hayo tangu utotoni. Kwa hiyo swali lako, ingawa ulimwuliza kwa upendo, lilimfikia likiwa limebeba shaka ambazo si zako. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uache kumwuliza habari za kifo chake, uanze kumweleza habari za kifo chako. Mwambie ungependa ulazwe wapi, ukae mochari siku ngapi, nani asome wasifu wako, na ni wimbo gani hutaki ukosekane. Mwombe akusaidie kuhakikisha hayo yamefuatwa. Mtu aliyekabidhiwa mazishi ya mwenzake hulazimika kuyawaza, na mara nyingi atayataja ya kwake bila kuulizwa, labda si jioni hiyo hiyo.

Kwa wazee wa kanisa lenu, wafungulieni Mwanzo. Katika sura ya 47 Yakobo anamwapisha Yusufu peke yake kwamba hatamzika Misri. Mtu angedhani hilo linatosha, kwa maana Yusufu alikuwa mwenye cheo na uwezo. Hata hivyo, katika sura ya 49, siku zake zikiwa zimekwisha, Yakobo anawarudia wanawe wote pamoja, anaitaja pango ya Makpela, anamtaja mtu ambaye shamba lile lilinunuliwa kwake, na anawataja waliokwisha kulazwa humo, mmoja baada ya mwingine. Hakuna mwana aliyebaki na nafasi ya kusema kwamba hakusikia. Wala Biblia haisemi kwamba kwa kuyatamka hayo alijivutia kifo. Yusufu naye, alipozeeka, aliwaapisha ndugu zake kuhusu mifupa yake.

Jambo hilo la kusikiwa na wote ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote katika jibu hili. Mwenzenu marehemu hakunyamaza, aliwaambia ninyi. Kosa ni kwamba waliosikia hawakuwa wenye kuamua. Wasomaji wa rika lako wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987, baada ya miezi 5 ya mvutano kati ya mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager. Huyu alikuwa mtu aliyeijua sheria kuliko wengi wetu, na alikuwa amezungumza na watu mbalimbali kuhusu kuzikwa kwake. Lakini mahakamani mashahidi wa upande mmoja walieleza kwamba alitaka kuzikwa Ngong, na wa upande wa pili wakaeleza kwamba alitaka kurudishwa kwao. Hawakuwahi kuketishwa pamoja naye akiwa hai wakasikia neno moja. Mahakama ya Rufani hatimaye iliamua kwa kufuata mila za Waluo.

Linganisha na yale mliyoyashuhudia wenyewe juzi juzi. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, na familia ikaeleza kwamba alitaka azikwe upesi, ndani ya saa 72. Mwili ulirudishwa kesho yake, watu wa Kisumu wakauaga Mamboleo siku ya Jumamosi, na Jumapili tarehe 19 akazikwa Bondo. Saa zile zilizidi kidogo, lakini nchi nzima ilikubali mwendo huo kwa mtu ambaye wengi wangetaka aombolezwe kwa wiki kadhaa, na walikubali kwa sababu familia ilijua alichotaka na ikakisema kwa sauti moja.

Sasa sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya kwa kawaida hukubali wosia wa mdomo pale tu uliposemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema akafariki ndani ya miezi 3. Wosia wa maandishi hauna ukomo huo, ila sharti mwenyewe autie sahihi na ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Nao ni afadhali wasiwe warithi, kwa sababu mrithi aliyeshuhudia anaweza kupoteza alichoachiwa. Lakini hayo ni ya mali. Kuhusu mwili, mahakama zetu zimeshikilia kwamba maiti si mali ya kugawiwa kwa wosia, hivyo jaji huyasikiliza matakwa ya marehemu na hujaribu kuyaheshimu, ila hayamfungi. Karatasi ya mazishi, basi, ni ukumbusho wa mapatano. Kama hapakuwa na mapatano, karatasi pekee itawapa watu jambo jingine la kugombania.

Wapo watakaowaambia kwamba mila zetu hazitaji kifo hadharani. Si kweli kwa kiasi wanachodhani. Kule Bungoma, Wabukusu wana mzee wa kumuse, ambaye baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima husimama mbele ya umati akanena kuhusu ukoo, kuhusu kifo, na kuhusu namna walio hai wanavyopaswa kuishi. Na katika nyumba nyingi za Magharibi, siku chache baada ya maziko, ukoo huketi na madeni ya marehemu hutajwa mbele ya wote. Kinachokosekana ni mazungumzo hayo kuletwa mapema, mwenye jambo akiwapo ajisemee.

Kikundini, msianze wakati kuna mwenzenu anayeugua au nyumba iliyo katika matanga, kwa maana kila neno litaelekezwa huko. Ikiwa kanisa lenu huadhimisha Jumatano ya Majivu, Kwaresima ni majira mazuri, kwa sababu waumini wamekwisha kuambiwa kwamba wao ni mavumbi. Mwombeni mchungaji aseme kwanza mazishi yake mwenyewe, mbele ya mkewe na wanawe kama wapo. Kisha wewe mwenyekiti. Asiwepo anayeulizwa ya kwake kabla viongozi hawajayasema ya kwao. Zungumzeni kuhusu pesa bila haya: nani ana bima ya mazishi, nani ana mkopo kwenye chama, mnaona watu wa kesha walishwe kwa kiasi gani. Mimi naona ni dhuluma kumwachia mjane deni la nyama iliyoliwa na waombolezaji, na kanisa linalohubiri mazishini lina haki ya kulisema hilo kabla ng'ombe hajafungwa kamba. Mtu aruhusiwe pia kutaka kidogo. Wangari Maathai, aliyefariki mwaka 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na lililomsitiri lilitengenezwa kwa gugu maji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wenu ziwani, pamoja na mafunjo na mianzi.

Kwako wewe, Mama, likizo ya Desemba wanao watakapokuja nyumbani, mwalike shemeji yako mkubwa au yeyote anayesikilizwa na ukoo, na umwombe Mzee akae karibu nawe. Sema yako yote mbele yao na uwaombe wayarudie ili ujue wamekusikia. Andika, mtie sahihi, nakala moja ibaki kwa karani wa kanisa na nyingine kwa shemeji. Ya Mzee usiyaulize siku hiyo.