Shangazi Anajibu: Wamelala, lakini mimi sipumziki

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 3 na mwingine miezi 8. Mdogo bado anaamka usiku kunyonya, mkubwa anaamka kabla hakujapambazuka. Mchana niko ofisini, jioni naanza zamu nyingine nyumbani. Wakishalala, badala ya kulala nami nakaa na simu mpaka saa 6 usiku, maana huo ndio muda pekee ninaouona ni wangu. Jumapili iliyopita mume wangu aliwapeleka matembezi ili nipumzike. Nikafua, nikakunja nguo, nikapanga mikoba yao. Waliporudi nilikuwa nimechoka kuliko walivyoniacha.

Kinachonitisha ni hiki: mkubwa akinionyesha mchoro wake namwambia "mzuri" bila kuutazama, na moyoni sihisi kitu. Nawapenda, lakini nimekauka. Marafiki wanasema nijipe muda wangu. Nautoa wapi? Na nikiupata niufanyie nini?

Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la mchoro, kwa sababu ndilo lililokufanya uandike. Kutohisi kitu si ushahidi kwamba mapenzi yamekwisha. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wamechunguza kwa miaka uchovu wa wazazi wanaofika hapo ulipo, na wameueleza kwa sura nne: kuishiwa nguvu kwa ajili ya malezi, kujitenga na watoto kihisia, kukinai kazi ya kulea, na kujiona si mzazi yule uliyekuwa. Barua yako ina zote nne. Mtu aliyeishiwa huendelea na yale yasiyoahirishika, yaani kulisha, kuogesha na kulaza, na kinachokatwa kwanza ni kile kinachodai moyo. Mchoro unadai moyo.

Watafiti hao wanasema hali hii huja pale mizigo inapozidi vinavyomsaidia mzazi kuibeba, tena kwa muda mrefu. Marafiki zako wanakushauri uongeze kitu: muda wako, matembezi, starehe. Mimi nataka tupunguze kwanza, na tuanze na usiku.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Anayeamshwa kila mara hukosa mapumziko hata kama saa zake, ukizijumlisha, zinatosha. Kwa hiyo gaweni usiku vipande viwili. Kuanzia saa 3 mpaka saa 8 usiku, kila mtoto anayeamka ni wa baba yake. Baada ya hapo ni zamu yako. Kamua maziwa kabla ya kulala ili mdogo apewe akihitaji. Wa miezi 8 mara nyingine hutaka kubembelezwa tu, na baba anaweza. Wewe lala chumba kingine, au mbali nao kadiri nyumba inavyoruhusu, kwa sababu mama anayesikia kila mgeuko wa mtoto yuko macho hata akifumba macho. Siku za kwanza zitakuwa na kelele. Usitoke.

Simu sitakugombeza. Unaifidia siku nzima ambayo hukupata hata dakika moja bila kuitwa. Ukiiondoa bila kuweka kitu mahali pake, utaifuata tu. Usogeze muda huo mapema: ukitoka kazini, kabla ya kuushika mlango, nusu saa iwe yako, na mume wako ajue kwamba imo kwenye ratiba kama kazi nyingine.

Sasa ile Jumapili. Mume wako alikutendea wema, lakini aliondoka na watoto akakuachia nyumba, na nyumba ndipo kazi zako zilipo, zinakutazama. Safari ijayo toka wewe, wabaki wao. Na usiache karatasi ya maelekezo. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto miaka mingi, na kilichonisikitisha kuliko vyote ni kwamba nikimuuliza mama, "Na wewe je, hujambo?" alinijibu uzito wa mtoto. Kichwa chake chote kilikuwa kimejaa tarehe za chanjo, saizi za viatu, nepi zilizobaki. Kichwa hicho hakipumziki mikono ikipumzika.

Ndiyo maana nakuomba usitafute msaidizi wa kazi zako. Mpe mumeo eneo zima, mpaka mwisho. Tuseme kliniki: ajue tarehe, atunze kadi, ampeleke mtoto, aulize maswali, akumbuke safari inayofuata. Akikuambia "nikumbushe tu nitafanya", mwambie kwa upole kwamba kukumbuka ndiyo kazi yenyewe. Atakosea. Mtoto atatoka na soksi zisizofanana. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika tangu 1953 kwamba mtoto anahitaji mama anayetosha, si mama asiye na dosari, na naamini hivyo hivyo kwa baba. Soksi ziache.

Ukiupata muda, usijiulize utaufanyia jambo gani la maana. Jiulize umechokaje. Kama umeshikwa-shikwa siku nzima, unahitaji mahali ambapo hakuna anayekugusa. Kama umekuwa na watoto tu tangu asubuhi, mpigie mtu mzima mzungumze jambo lisilohusu watoto. Umeketi ofisini? Tembea. Na kama macho yanajifunga, lala, hata iwe saa 10 jioni.

Furaha kwa watoto usiilazimishe irudi kabla ya usingizi. Baadaye, mdogo akiwa amelala, kaa na mkubwa dakika 10, simu ikiwa chumba kingine, yeye achague mchezo. Si lazima iwe kila siku.

Kuna jambo moja ambalo halingoji ratiba. Ukipata nafasi ya kulala na usingizi ukakataa, au ukae wiki 2 huzuni haikuachii, nenda kwa daktari. Sonona baada ya kujifungua inaweza kuanza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na inatibika. Omba pia upimwe damu na tezi ya thairoidi, kwani upungufu wa damu na hitilafu za tezi hiyo huleta uchovu kama wako. Na ukipitiwa na wazo la kujidhuru, kuwadhuru watoto, au kwamba wangekuwa heri bila wewe, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Shangazi, nalea peke yangu mtoto wa wiki 6. Kila jioni analia saa nyingi. Jana mikono ilinitetemeka kwa hasira nikaogopa. Nifanye nini?

Baba Peke Yake

Baba, umefanya vizuri kuogopa, na vizuri zaidi kuuliza. Kilio cha watoto wachanga huongezeka kuanzia wiki ya 2 hivi, hufika kilele mwezi wa 2, kisha hupungua. Uko kileleni. Angalia njaa, nepi na joto la mwili. Likifika nyuzi 38 kwa mtoto wa umri huo, ni hospitali mara moja. Kama hayo yako sawa na mikono imeanza kutetemeka, mlaze chali kitandani mwake pasipo mito wala mablanketi, funga mlango, toka. Nawa uso, vuta pumzi, rudi baada ya dakika chache. Dakika hizo za kulia hazitamdhuru. Kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake au kumuua, kwa sekunde chache tu.

Halafu tafuta mtu mmoja, ndugu au jirani unayemwamini, atakayekuja jioni ukimpigia bila kukuuliza maswali. Mpigie leo mchana mtoto akiwa ametulia, mkubaliane kabisa, ili jioni neno "njoo" limtoshe.