Kori moja hoi, tatu zimelala: maswali yenu kuhusu interapti

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Sakina hapa Arusha, nina kabiashara ka kusambaza intaneti kwenye nyumba za kupanga na hosteli za wanafunzi. Rauta yangu ni kompyuta ya mezani ya kawaida tu nimeweka Linux, prosesa ya kori nne (yaani vichakataji vinne ndani ya prosesa moja), kadi mbili za mtandao, moja inapokea kutoka kwa kampuni, nyingine inaenda kwa wateja, na wateja wanaingia kwa PPPoE, ile njia ya kila mteja kuingia kwa jina na nywila yake. Mchana freshi kabisa ila ikifika saa mbili usiku mpaka saa tano simu zinaanza kumiminika, ping inapanda, video zinakwama. Nikifungua top, ile programu ya kuonyesha mzigo wa mashine, naona prosesa imetumika robo tu sasa hapo ndo nachanganyikiwa. Aliyeniuzia anasema mashine imezidiwa ninunue ya kori nane. Ninunue? – *Chalii wa Sakina*

JIBU: Marahaba chalii wangu. Usinunue kwanza, tulia, hiyo robo uliyoiona ndo jibu lenyewe. Una kori nne, moja ikijaa mpaka pomoni na tatu zikikaa bure, wastani unasoma asilimia 25, yaani robo. Leo usiku wakati watu wanalalamika fungua top afu bonyeza 1 kwenye kibodi, itakuonyesha kila kori kwenye mstari wake, angalia palipoandikwa "si" (muda wa kazi zinazoletwa na interapti) na palipoandikwa "id" (muda kori imekaa bure). Kwa maelezo yako nategemea utakuta kori moja "si" imekaribia 100 na "id" imekaribia 0, na wenzake "id" iko 90 na kitu. Ukikuta hivyo basi hata ukileta mashine ya kori nane utapata moja inayohangaika na saba zinazoangalia, na hela imeshaenda. Hili linaniuma kweli maana watu wanaingia gharama kwa tatizo la mistari minne ya komandi.

Sasa kwa nini inakuwa hivyo. Paketi ikifika, kadi inaiweka yenyewe kwenye RAM bila kumsumbua mtu, ikimaliza inabisha hodi kwa prosesa kwamba kuna mzigo, hiyo hodi ndo interapti. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inahifadhi ilipoishia, inaruka kwenye kodi ya draiva ya ile kadi. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, imeigawa hii kazi mara mbili: kuna kipande kifupi sana, kuitikia na kuinyamazisha kadi isiendelee kupiga kelele, halafu kuna kipande kirefu kinaitwa softirq, hapo ndo paketi inasomwa, inapita kwenye faiawoli, inabadilishwa anwani kwa NAT, inatafutiwa njia na kusukumwa kwenye kadi ya pili. Na hapa naomba uniskilize vizuri: usipogusa kitu, kipande kirefu kinafanyika kwenye kori ileile iliyoitikia hodi. Kwa hiyo interapti ilipoelekezwa ndipo kazi nzima ya rauta inapoangukia, sio kipande kidogo tu.

Andika hii:

`cat /proc/interrupts`

Utaona jedwali, kila mstari ni interapti moja, kila safu ni kori moja, na mwisho wa mstari jina la kifaa. Tafuta mistari ya kadi zako, itakuwa na sura kama hii:

```
       CPU0        CPU1   CPU2   CPU3
 30:   912644031   0      0      0     enp3s0
 31:   640118275   0      0      0     enp4s0
```

Ukiona namba kubwa zote zimerundikana kwenye CPU0 na kwingine sifuri, umemshika mchawi. Kadi zote mbili zinabisha mlango mmoja.

Kuhamisha interapti unaandika kwenye faili linaitwa smp_affinity la namba ya ile interapti, ukiwa root (mtumiaji mkuu wa mashine). Linapokea namba ya heksadesimali ambayo kila biti ni kori: 1 ni CPU0, 2 ni CPU1, 4 ni CPU2, 8 ni CPU3. Tuseme 30 ni kadi ya kampuni na 31 ni ya wateja, basi:

`echo 1 > /proc/irq/30/smp_affinity`
`echo 2 > /proc/irq/31/smp_affinity`

Kabla ya hapo cheki kama irqbalance inatembea, hii ni programu ya nyuma ya pazia ambayo kwa kawaida kila sekunde 10 inaangalia mzigo na kuhamisha interapti inavyoona yenyewe, kwa hiyo utapanga wewe afu yenyewe inapangua. Izime kwanza. Kwenye seva za kazi mchanganyiko ni nzuri tu wala siisemi vibaya, ila rauta yenye kadi mbili panga kwa mkono.

Kuna watu watakwambia andika f, maana f ni kori zote nne, zitagawana. Hapana. f maana yake kerneli ina ruhusa ya kuchagua yoyote kati ya hizo, na kwenye kerneli za siku hizi za prosesa za Intel na AMD inachagua moja na kukaa hapohapo. Interapti moja haihudumiwi na kori mbili kwa wakati mmoja, hilo limepangwa makusudi.

Sasa nisikudanganye, kutenganisha kadi peke yake kutakusaidia kidogo tu. Saa mbili usiku watu wanavuta video, mzigo karibu wote unaingilia kadi ya kampuni, na tumeshasema kori inayoitikia ndo inabeba mpaka mwisho. Kwa hiyo CPU0 bado itaumia. Dawa yako hasa ni RPS (Receive Packet Steering), ambayo iliingia kwenye kerneli 2.6.35 mwaka 2010 kwa hiyo hata ukiwa na Linux ya zamani unayo. RPS haigusi hodi, yenyewe inachukua paketi baada ya kori ya kwanza kuipokea, inapiga hesabu kwenye anwani na namba za bandari, afu inaikabidhi kori nyingine iendelee na ile kazi ndefu. Paketi za muunganisho mmoja zinaenda kori moja siku zote ili zisipishane njiani, za muunganisho mwingine zinaweza kwenda kwingine, na kwa wateja wote wa hosteli hizo miunganisho unayo ya kutosha kabisa. Kuiwasha:

`echo e > /sys/class/net/enp3s0/queues/rx-0/rps_cpus`
`echo c > /sys/class/net/enp4s0/queues/rx-0/rps_cpus`

e ni CPU1, 2 na 3, c ni CPU2 na 3. Afu kaa hapo saa mbili usiku na hii:

`watch -n1 grep NET_RX /proc/softirqs`

Kabla ya kuwasha ni safu moja tu inakimbia, ukishawasha zote zinatembea. Mimi kitu hiki nikikiona kwenye skrini huwa nafurahi kila mara, ping inashuka hapohapo na hujagusa bisibisi.

Mambo mawili ya kuwa nayo makini. Kwanza hizi setingi zinapotea mashine ikizima, na umeme wetu unaujua, kwa hiyo ziweke kwenye skripti inayojiendesha mashine ikiwaka, na skripti itafute namba ya interapti kwa jina la kadi kwa sababu ile 30 inaweza kubadilika ukichomeka kitu kingine. Pili, ukija kupata hela siku moja badala ya kori nane tafuta kadi yenye foleni nyingi. Kadi nyingi za bei ya chini zina foleni moja ya kupokea kwa hiyo interapti moja, wakati Intel I210 ina foleni 4 na I350 ina 8 kwa kila bandari, kila foleni na interapti yake, na kadi yenyewe inagawa paketi kabla hata kerneli haijaguswa. Ila usisahau una PPPoE: kadi nyingi zikikuta fremu ya PPPoE zinashindwa kuona anwani ya IP iliyo ndani, basi zote zinatupwa foleni ya kwanza. Kwa hiyo upande wa wateja hata ukiwa na kadi nzuri acha RPS ikiwa imewashwa, yenyewe inajua kuchungulia ndani ya PPPoE.

SWALI: Mambo vipi kaka. Nasoma chuo Moshi. Notsi zetu zinasema kompyuta ina IRQ (namba za interapti) 0 mpaka 15, lakini laptopu yangu kwenye /proc/interrupts kuna namba 120 na zaidi. Notsi zimekosea? – *Mwanafunzi, Soweto*

JIBU: Poa dogo. Notsi hazijakosea, zinakueleza IBM PC/AT ya 1984. Ile mashine ilikuwa na chipu mbili za kupokea interapti, 8259A, kila moja milango 8, ya pili imefungwa kwenye mlango namba 2 wa ya kwanza, ndo maana kati ya 16 zilizotumika kwa vifaa ni 15. Taima ilikuwa 0, kibodi 1, na mpaka leo ukiangalia utaona alama zao. Baadaye prosesa zilipokuwa nyingi kwenye bodi moja ikabidi kila kori iwe na kipokezi chake, local APIC, na pembeni kuna I/O APIC ambayo kawaida ina milango 24 na inaweza kuambiwa huyu mpeleke kori fulani.

Hizo 120 zako ni MSI au MSI-X, interapti zinazotumwa kama ujumbe. Hapa waya haupo tena, kifaa kinaandika data kidogo kwenye anwani maalumu ya memori, kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) zinaanza na 0xFEE, anwani yenyewe inataja kori na data inataja vekta, yaani namba inayoiambia kori iruke kwenye kodi ipi. Kila kori ina jedwali la vekta 256, zile 32 za mwanzo zimetengwa kwa makosa ya prosesa yenyewe kama kugawa kwa sifuri. MSI inampa kifaa mpaka vekta 32, MSI-X mpaka 2048. Na 120 unayoiona sio vekta, ni namba ambayo kerneli imejiwekea kwa ajili ya kumbukumbu zake, usije ukavichanganya kwenye mtihani.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina stationery Moshi mjini, kompyuta ya zamani ina Ubuntu. Siku hizi inaleta maandishi "irq 16: nobody cared" afu "Disabling IRQ #16", baada ya hapo skana inaskani taratibu mpaka mteja anakata tamaa anaondoka. Nikizima na kuwasha inakuwa nzima kwa muda. Ni virusi? – *Dada wa stationery*

JIBU: Nzuri dada, pole na wateja. Sio virusi kabisa. Kwenye kompyuta yako vifaa kadhaa vinatumia laini moja, namba 16. Kuna kimoja kinapiga kelele kwenye hiyo laini, kerneli inauliza draiva zote zilizojiandikisha pale, kila moja inasema sio changu. Kerneli inahesabu, ndani ya interapti 100,000 ikikuta zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe inaifunga laini nzima ili mashine isigande. Asiye na kosa anaumia na mwenye kosa. Baada ya kufunga inavichungulia vile vifaa mara 10 hivi kwa sekunde, na kwa skana hiyo ni kidogo mno, ndo maana inajikokota badala ya kufa.

Fungua terminali andika `grep " 16:" /proc/interrupts`, mwisho wa mstari utaona majina ya wanaoshiriki, ukiona ehci au uhci ujue ni upande wa USB na skana yako ipo hapo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, toa kadi yoyote ya zamani isiyotumika iliyochomekwa kwenye bodi, mara nyingi ni modemu au kadi ya sauti ambayo hakuna anayeikumbuka, afu washa ufanye kazi siku nzima. Isiporudi umempata. Ikirudi, hamishia skana kwenye tundu jingine la USB, lililo nyuma kama sasa unatumia la mbele, maana matundu mengine yanaweza kuwa na laini tofauti, na fundi akuangalizie kama bodi yako ina toleo jipya la BIOS. Yale maandishi yanapendekeza pia uwashe kwa irqpoll, hiyo itumie kwa siku mbili tatu tu wakati unatafuta chanzo, kwa sababu kila interapti ikikosa mwenyewe inaamsha draiva za laini zote na mashine yako ya zamani itazidi kuwa nzito.