Je, kipato "kwa uwezo wa kununua" ni ujanja wa hesabu?

SWALI: Mbona nchi yenye kipato kidogo kwa dola huonekana na kikubwa zaidi kikipimwa kwa uwezo wa kununua, yaani kwa kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi na nchi?

JIBU: Si ujanja, ndugu yangu. Nimefundisha takwimu miaka mingi na swali hili nalipenda. Kiwango cha kubadilishia fedha hufuata zaidi biashara inayovuka mipaka, kinyozi havuki. Pale mishahara ilipo midogo, kunyoa, kodi ya nyumba na nauli huwa nafuu, hivyo dola ileile hununua zaidi. Tangu 1968 kuna mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei hizo, ambao sasa unaratibiwa na Benki ya Dunia. Lakini tahadhari na Ayalandi! Hata kwa kipimo hiki, pato lake hutunishwa na faida za kampuni za kigeni zinazohesabiwa huko. Hapo mimi hutazama matumizi ya kaya.