Gari likilala usiku, usikimbilie kompresa

Ukurasa wa gereji: maswali ya wasomaji kuhusu magari ya 4x4 yanayobebwa na upepo badala ya springi

SWALI: Asalaam aleikum. Nina Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2007. Jioni naiegesha ikiwa sawa, asubuhi naikuta imelala yote, mbele na nyuma. Nikiwasha inachukua kama dakika kumi kuinuka, na wiki hii taa ya suspensheni imewaka. Fundi anasema ninunue kompresa mpya, ile pampu ya upepo. Kweli?
Msomaji, Nyali

JIBU: Waaleikum salaam. Usitoe pesa zako kwanza. Huenda kompresa imechoka, lakini mara nyingi kilichoichosha ni tundu mahali pengine. Ukifunga mpya na tundu bado lipo, nayo itaifuata mwenzake.

Gari kulala lote hakumaanishi mifuko yote minne ya upepo, ile inayokaa mahali pa springi, inavuja. Kompyuta ya suspensheni huamka yenyewe gari likiwa limezimwa, ikapima pembe zote nne. Ikiona moja imeshuka, hutoa upepo kwenye zile tatu ili gari likae sawa. Mgonjwa ni mmoja, wanalala nyumba nzima.

Kumjua ni kazi ya usiku mmoja. Egesha mahali tambarare, gari likiwa kwenye kimo cha kawaida. Kwa tepu, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Zima gari, kisha chomoa fyuzi ya kompyuta ya suspensheni. Kitabu cha gari kitakuonyesha ni ipi. Asubuhi pima tena kabla hujagusa kitu. Pembe iliyoshuka milimita 30 wakati wenzake wameshuka 2 au 3, ndiyo hiyo. Zikishuka mbili za mbele sawasawa, shuku kwanza bloku ya valvu za mbele, kwa sababu huko ndiko upepo wa kushoto na kulia unakokutana.

Rudisha fyuzi, washa, inua gari hadi kimo cha juu kabisa ili mikunjo ya mpira ifunguke. Tia stendi chini ya chesisi. Gari linalosimama kwa upepo peke yake halina urafiki na kichwa cha mtu. Valvu ikifunguka linashuka bila kupiga hodi. Changanya kijiko cha sabuni ya vyombo na nusu lita ya maji, upake kwa brashi ya rangi: kwanza pale paipu ya upepo inapoingia, kisha juu ya mfuko, mwisho kwenye mkunjo wa chini. Tundu kubwa hutoa mapovu papo hapo. Lile linalolaza gari usiku kucha hutoa povu zito, jeupe kama tui, na huchukua dakika moja au mbili kujitokeza. Mafundi wengi hukosea hapa: wanapaka, wanatazama sekunde tano, wanasema hakuna kitu.

Tundu likiwa kwenye maungio, toa upepo kwanza kwa mashine ya fundi ya kusomea kompyuta ya gari, kisha kata ncha ya paipu milimita chache kwa wembe mpya, mkato ulionyooka, na uisukume mpaka igote. Ncha ya zamani ina alama za meno ya kiungio, na humo ndimo upepo unamopita. Likiwa kwenye mkunjo, mfuko umekwisha. Gundi ya tairi haishiki hapo hata ukiambiwa inashika. Badilisha wa kushoto na wa kulia pamoja, na usishushe uzito wa gari juu ya mfuko usio na upepo: ujaze kwanza gari likiwa kwenye stendi, ama mpira utajikunja vibaya na kupasuka siku hiyo hiyo.

Sasa ndiyo zamu ya kompresa. Mashine ya fundi ikitoa namba ya hitilafu C1A20, maana yake shinikizo la tangi la upepo linapanda polepole mno. Pima umeme kwenye waya wa kompresa ikiwa inafanya kazi. Ukishuka chini ya volti 11, tazama betri, alteneta na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) kabla ya kuilaumu. Halafu fungua kikaushi cha kompresa. Ndani mna vipunje vinavyonyonya maji kutoka kwenye hewa, na hewa yetu ya Mombasa ni maji matupu. Gari likishuka kwa kawaida, upepo mkavu hurudi kupitia humo na kuvikausha. Penye tundu, upepo unatokea tunduni, haurudi, na vipunje havikauki tena. Ukikuta vimekuwa unga uliolowa kama wa uji, badilisha, na usafishe kabla unga haujafika kwenye valvu. Sili ya pistoni huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana kuliko kompresa nzima.

Ikilazimu kununua nyingine, badilisha na relei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Relei iliyoungua ikagandia huiacha kompresa ikizunguka bila kukoma hadi iungue nayo. Na ukitoka kwenye kompresa ya Hitachi kwenda ya AMK, kompyuta inahitaji programu mpya. Muulize muuzaji kabla hujalipa.

SWALI: Prado 120 yangu ina upepo nyuma. Navuka Likoni kwa feri kila siku. Taa ya kimo inamemetameta na upande mmoja wa nyuma uko juu kuliko mwingine, ingawa sijaona ikishuka usiku. Ni mfuko?
Mama wa watoto watatu, Likoni

JIBU: Hapana, dada. Mfuko uliotoboka hushuka, haupandi. Wako unadanganywa na sensa ya kimo, kifaa kinachoiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Ingia nyuma ya gurudumu utazame kijiti kinachounganisha ekseli na sensa. Maji ya chumvi huvila viungo vyake vya duara hadi vikang'oka au vikagandia. Chomoa plagi: vumbi la kijani kwenye pini ni kutu ya shaba. Isugue kwa brashi laini na dawa ya kusafishia umeme. Kisha fundi waya apime: sensa ipate volti 5, na volti za waya wa ishara zipande na kushuka taratibu mkono wa sensa unapozungushwa. Namba ikiruka ghafla, sensa imekufa. Kila ukitaka kupiga jeki, bonyeza kwanza swichi ya kuzima upepo. Na ukitoka feri, maji safi ya mpira chini ya gari mara moja kwa wiki ni bei rahisi kuliko sensa.

SWALI: Nitoe upepo nifunge springi za chuma?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Prado, sawa: ni nyuma tu, na kazi ni ndogo. Chagua springi kwa mzigo unaobeba kila siku, si ule wa safari ya mara moja kwa mwaka. Discovery, tungekataa. Utapoteza uwezo wa kupandisha na kushusha gari, taa za onyo zitabaki zikiwaka mpaka utafute kifaa cha kuzinyamazisha, na gari litakuwa gumu kwenye matuta. Kwa pesa hizo mifuko miwili inapatikana.