Maswali ya wasomaji: Upendo ndo ulimlipia yule mama msamaha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Makorora hapa Tanga. Kwenye jumuiya yetu tumebishana juu ya Luka 7:47, yule mama mwenye dhambi aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi, pale panaposema "Amesamehewa dhambi zake ambazo ni nyingi, kwa kuwa amependa sana". Mama mmoja kasema si mnaona, upendo ndo unalipia msamaha, mzee wetu akaruka akasema hapana msamaha ni bure, mara kijana katoa simu eti Kigiriki hapo kina neno hoti na lina maana mbili, basi kikao kikavunjika hata chai haikunyweka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na chai. Kijana hajadanganya ila hoti kuwa "kwamba" au "kwa kuwa" hakumalizi ugomvi wenu, maana hapo ni "kwa kuwa" tu, kazi ni kujua hiyo "kwa kuwa" inataja chanzo au inataja ushahidi. Kiswahili chenyewe tunafanya hivyohivyo kila siku. Mtu anakwambia wavuvi wamepata usiku, maana pale soko la samaki la Deep Sea dagaa wameshuka bei. Sasa bei kushuka ndo kumewapa wavuvi dagaa? Si ndo imekujulisha tu kwamba wamepata.

Biblia ina mfano mzuri, 1 Yohana 3:14, "tunajua ya kuwa tumepita kutoka mautini kuingia uzimani, kwa maana twawapenda ndugu". Hoti ipo mara mbili humo, ya kwanza "ya kuwa", ya pili "kwa maana", na hiyo ya pili ni ushahidi, kupenda ndugu ndo kunawajulisha kwamba wameshavuka.

Sasa rudini Luka lakini msianzie 47, anzieni 41. Wadeni wawili, mmoja anadaiwa dinari 500 mwingine 50, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo huyo wa kwanza deni lake ni zaidi ya mwaka mzima wa jasho. Hawana cha kulipa, wote wanasamehewa, ndipo Simoni Farisayo, mwenyeji wa Yesu siku ile, anaulizwa nani atapenda zaidi. Msamaha umetangulia, upendo umefuata. Na nusu ya pili ya 47 yenyewe inasema asamehewaye kidogo hupenda kidogo, sasa ukisema upendo ndo malipo mstari unajipinga wenyewe katikati.

Yule mama wa jumuiya naye msimcheke, ana hoja, maana Yesu anamwambia mwanamke "Umesamehewa dhambi zako" kwenye 48, baada ya machozi na marhamu. Ila hata hapo Kigiriki kimetumia hali ileile ya -me-, jambo limeshafanyika, na 50 inasema imani yako imekuokoa, haisemi upendo wako. Mimi niko na mzee.

Kijana mpeni Luka 1:45, Elisabeti anapomsifu Mariamu, hoti ipo na humo. Ni heri aliyesadiki kwamba yatatimizwa, au heri aliyesadiki, kwa maana yatatimizwa? Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 imechukua "kwa maana", lakini sarufi inakubali zote mbili, na pale hakuna wadeni wa kutuamulia.