Jibu kwa Mwalimu wa Molo: kambi ya watoto wa jamii zilizopigana inasaidia, ila pesa zisiishie kambini

Mwalimu, umeuliza kama kuwakutanisha watoto wa Kikuyu na wa Kalenjin kutoka Molo na Kuresoi, ambako jamii hizi zilipigana mapema 2008 baada ya uchaguzi, wakae pamoja likizo ya Agosti, kutabadilisha chochote, au ni kuwapeleka matembezi tu kisha kila mmoja arudi kwenye maneno yale yale ya nyumbani. Mimi na mume wangu tunaishi Ohio, na tumepokea vijana wa Ireland Kaskazini kupitia Ulster Project. Kwa niliyoyaona, inasaidia. Lakini kazi kubwa haiko kambini, iko wiki za kwanza baada ya watoto kurudi kwao, na hizo ndizo wengi husahau kuzitengea pesa.

Mpango huo ulianza 1975, enzi Wakatoliki na Waprotestanti wa kule wakiuana. Hadi mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulipotiwa saini, Aprili 1998, watu wapatao 3,500 walikuwa wameuawa. Vijana wa miaka 14 hadi 16, nusu kwa nusu, huletwa Marekani kwa kama mwezi mmoja, na kila mmoja hulala kwenye familia yenye mtoto wa rika lake na dhehebu lake. Mchana wanakuwa kundi moja: kazi za kujitolea, michezo, ibada, vikao vya kuzungumza.

Mkenya anaweza kushangaa, maana watu hawa rangi ni moja, lugha moja, Kristo mmoja. Lakini hata leo watoto wengi kule husoma shule tofauti, Wakatoliki kwao na Waprotestanti kwao. Shule ya kwanza kuwachanganya kwa makusudi, Lagan College, ilifunguliwa na wazazi mwaka 1981 ikiwa na wanafunzi 28, na mpaka sasa shule za namna hiyo hazijafikisha mtoto mmoja kati ya kila kumi. Kijana anaweza kufika miaka 14 bila kuingia hata siku moja nyumba ya mtu wa upande wa pili.

Kiangazi cha 2013 tulipewa kijana Mpresbiteri, kwa kuwa sisi ni watu wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki. Asubuhi moja mwanangu aliteremka kunywa chai amevaa jezi ya Celtic, timu ya mpira ya Scotland, namba 67, jina la Wanyama, mchezaji wetu Mkenya, mgongoni. Mnakumbuka Novemba 2012 Wanyama alivyowafunga Barcelona kwa kichwa, basi kwetu jezi hiyo ilikuwa haivuliwi. Mgeni wetu akaacha kupaka siagi, kisu kiko hewani. Kwao Celtic ni ya Wakatoliki na wapinzani wao Rangers ni ya Waprotestanti, na kuna mitaa ambayo huwezi kuthubutu kuikatiza ukiwa na jezi isiyo yake.

"Si mlisema nyinyi ni Wapresbiteri?" akauliza.

Mwanangu akamjibu, "Huyu ni Wanyama. Ni wa kwetu."

Akanigeukia mimi, akauliza tena swali lile lile. Nikamwambia ni kweli, sisi ni Wapresbiteri, na jezi ni ya Wanyama. Alikaa kimya mpaka chai ikaisha.

Juma hilo mwenzake Mkatoliki alikuja kwetu kula chapati na maharagwe. Akaiomba ile jezi, akaivaa, wakapiga picha wote watatu wakiwa wamekumbatiana mabegani. Kisha nikamwona yule wetu anamvuta mwanangu pembeni, anamsihi asiiweke Facebook. Na huyo Mkatoliki alikuwa ameshakuwa rafiki yake kweli, wanashinda pamoja kutwa nzima. Alichoogopa ni macho ya mtaani kwao.

Tarehe 12 Julai ikafika. Ndiyo siku Waprotestanti huandamana kukumbuka ushindi wa Mfalme William, Mprotestanti, dhidi ya Mfalme James, Mkatoliki, kwenye mto Boyne mwaka 1690, na mwaka ule joto lilikuwa juu kwa sababu ya ugomvi ulioanza Desemba, baraza la jiji la Belfast lilipopunguza siku za kupeperusha bendera ya Uingereza. Belfast ikaingia fujo, polisi wakirusha maji, vijana wakirusha mawe. Wageni wetu waliizunguka simu moja kwenye veranda. Kiongozi wao hakuhubiri. Aliwauliza tu, "Mngekuwa nyumbani sasa hivi, mngekuwa wapi?" Mmoja akasema barabarani, na kaka yake. Mwingine akasema ndani, na mama yake asingemruhusu kusogelea dirisha. Wakatazamana. Kikao hicho kisingewezekana wiki ya kwanza. Kwanza walihitaji kuogelea pamoja, kupaka rangi uzio wa kanisa na kugombania mpira.

Sasa nije kwenye kurudi kwao. Kijana wetu na yule mwenzake Mkatoliki walikuwa wa mji mmoja, na waliendelea kuonana kwa sababu kundi lao liliitwa tena na tena baada ya safari, mahali ambapo si pa upande wowote. Nimesikia pia habari za watoto waliokutanishwa wakitoka miji ya mbali, na hao urafiki uliishia uwanja wa ndege.

Kambi ya Seeds of Peace kule Maine, iliyoanza 1993 kuwakutanisha vijana wa Kiisraeli na wa Kipalestina, ilifanyiwa utafiti, na ikaonekana kwamba kijana aliyepata hata rafiki mmoja wa karibu wa upande wa pili ndiye ambaye mtazamo wake ulielekea kubadilika zaidi. Rafiki mmoja, Mwalimu. Ila nisikudanganye kwamba urafiki unazuia risasi. Asel Asleh, kijana Mpalestina raia wa Israeli, wa miaka 17, aliyepitia kambi hiyo, aliuawa na polisi wa Israeli Oktoba 2000 akiwa amevaa fulana ya kambi. Watoto hawawezi kubebeshwa amani ambayo wazee wao wameikataa.

Kwa hiyo kwa Molo, ningechagua watoto wanaoweza kufikiana kwa miguu au kwa boda ya bei nafuu, hata kama mfadhili anapenda kundi kubwa la kaunti nzima. Wazazi wakutane kabla ya watoto, wanywe chai, na kila mzazi ajue jina la mtoto atakayemkaribisha. Mambo ya 2008 msiyaanze siku ya kwanza, wala msiyakwepe hadi mwisho. Picha ziwekwe mtandaoni kwa ruhusa ya mtoto mwenyewe pamoja na mzazi wake. Na nusu ya bajeti ikae kando kwa ajili ya Septemba kuendelea: nauli, chakula cha Jumamosi, mtu mmoja anayelipwa kuwafuatilia. Mfadhili akikataa nusu hiyo, punguzeni siku za kambi badala ya kuiacha. Ratiba yenu ikiwa tayari niletee hapa, nitaipitia na mume wangu, na nitawaomba viongozi tuliofanya nao kazi huku waitazame pia.