Kinanda cha kubeba begani kwenda mazoezini

Wapapasa kinanda wanaoniuliza wanunue kinanda gani cha mazoezi huanza na jina la kampuni. Mimi huwauliza kwanza: mnafanyia wapi mazoezi, na unafikaje huko? Hapa Tanga, mtu anayekaa Raskazone na bendi yake iko Ngamiani atapanda bodaboda au bajaji, na hilo peke yake linafuta nusu ya vinanda vilivyopangwa madukani. Piano ya kidijitali ya vibao 88, hata inayosifiwa kwa wepesi kama Casio PX-S1000, ina kilo 11 na ushei na urefu wa mita 1.3. Ni tamu kuipiga, sikatai. Mpe dereva wa boda uone atakavyokutazama.

Kwa kazi ya kwenda na kurudi, mimi naweka mpaka kwenye kilo tano. Vipo vingi chini ya hapo: Casio CT-S300 ina kilo 3.3, Yamaha MX49 ina 3.8, Korg Kross 2 ya vibao 61 nayo 3.8. Roland Juno-DS61 inazidi kidogo, 5.3, lakini naisamehe kwa sauti zake. Ila namba ya kwenye boksi ni ya kinanda kitupu. Ongeza begi, adapta, pedali, nyaya, halafu stendi ya chuma ya mkasi, ambayo huweza kukaribia uzito wa kinanda chenyewe. Stendi iacheni palepale mnapofanyia mazoezi, hata kama ni meza ya mbao aliyoigonga seremala wa mtaani. Hakuna atakayeiiba.

Sasa vibao vingapi? Huu ni mji wa magitaa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa bendi za hapa, na hata taarab ya Black Star na Lucky Star iliimbwa juu ya magitaa na besi. Kinanda kikiingia kwenye bendi ya namna hiyo kinakuta nafasi ndogo. Mkono wa kushoto ukishuka sana unagombana na besi, na ukijaza katikati unamziba mpiga gitaa la rithimu. Ndiyo maana kwa dansi vibao 49, yaani oktavu nne, vinatosha kabisa. Kwa taarab nachagua 61, kwa sababu moja tu: huko unagawa kinanda mara mbili, kushoto nyuzi zinazovutwa taratibu, kulia akodiani au ogani inayojibu mwimbaji. Ukikigawa chenye 49, kila upande unabaki na oktavu mbili, na mkono wa kulia unagonga ukuta katikati ya kibwagizo.

Vile vyenye vibao vidogo vya kitoto, mfano Yamaha Reface yenye vibao 37 na uzito wa kilo 1.9, vina sauti nzuri mno. Lakini ukivizoea mazoezini, siku ya shughuli ukipewa kinanda cha kawaida vidole vinatua pasipo. Kwa kutungia nyimbo nyumbani, sawa. Na kama kundi lenu linapiga maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, yenye robo sauti, kuna vinanda vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu, kama mfululizo wa PSR-A wa Yamaha. Vile vikubwa vya mfululizo huo vinapita kilo kumi, kwa hiyo hapo wepesi usahau, tafuta bajaji.

Jambo linalosumbua watu kuliko yote ni tundu la kutolea sauti, na hakuna anayeliangalia dukani. Geuza kinanda uone nyuma. Vinanda vya kazi vina matundu mawili makubwa ya milimita 6.35, moja limeandikwa L/MONO na jingine R. Ukiwa na waya mmoja wa kwenda kwenye miksa, chomeka L/MONO, na sauti yote inapita hapo. Vinanda vya bei nafuu, pamoja na hiyo CT-S300, vina tundu moja dogo la hedifoni ambalo ndilo hilohilo la kutolea sauti. Linafanya kazi, ila hilo ni la stereo, yaani linatoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Ukichomeka waya wa mono, upande mmoja unapotea, na kwenye baadhi ya sauti utasikia piano imekuwa nyembamba hujui kwa nini. Nunua waya wa Y, wenye kichwa kidogo cha stereo upande mmoja na vichwa viwili vikubwa upande wa pili, uingie kwenye chaneli mbili za miksa. Na ufunge waya huo kwenye mguu wa stendi kwa kamba au utepe wa gundi, maana tundu dogo likivutwavutwa hulegea mapema.

Spika za ndani zina faida mnapofundishana sauti za kuitikia bila ngoma. Dramu zikianza, wati mbili kila upande hazisikiki. Na usidanganyike kuunganisha kinanda na spika ya bluetooth. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina nusu sekunde. Spika ikichelewesha sekunde 0.2, na nyingi huchelewesha kiasi hicho, uko karibu nusu pigo nyuma ya wenzako, na lawama utapewa wewe.

Umeme nao. Kinachotumia betri kina thamani kubwa kwetu: CT-S300 na Kross 2 zinakula betri sita za AA, Juno-DS61 inakula nane za kuchaji. MX49 haina betri, ukikatika umeme unakaa kuangalia. Kama unanunua iliyotumika, soma maandishi ya adapta kabla hujachomeka. Mizigo inayotoka Japani hutengenezwa kwa volti 100, sisi tunatumia 230. Adapta ikiwa imeandikwa 100–240V, poa. Ikiwa ni 100V peke yake, inaungua mara moja. Ukitafuta nyingine, linganisha volti, ampea, na kile kichoro cha duara kinachoonyesha kama katikati ya kichwa ni chanya au hasi. Kampuni hazifanani kwenye hilo, na muuzaji atakwambia "inaingia hiyo kaka," kana kwamba kuingia ndiyo kazi.

Kujaribu kilichotumika, usipige wimbo. Wimbo unaficha mengi. Weka sauti ya ogani, ubonyeze kibao kimoja kimoja toka chini hadi juu. Kisha weka piano urudie kwa kidole chepesi, halafu kwa nguvu. Chini ya kila kibao kuna vitufe vya mpira vyenye kaboni, na kwenye vinanda vinavyopima nguvu ya kidole viko viwili viwili. Kibao kinachonyamaza ukikigusa polepole, au kinacholipuka kwa sauti ya juu hata ukikipapasa, kaboni yake imechafuka. Fundi anaweza kufungua na kusafisha, kwa hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei tu. Ila vikiwa vingi na vimefuatana, huenda maji yaliingia, hapo ondoka. Tikisa kichwa cha waya ndani ya tundu huku umeshikilia noti: ikikwaruza, omba punguzo tena. Pwani hii chumvi ya hewa inakula matundu hayo, hivyo hata kipya kikirudi nyumbani kiwe ndani ya begi, kisikae dirishani.

Pedali: washa kinanda kabla hujaikanyaga. Vinanda vingi husoma pedali wakati wa kuwaka, na ukiwa umeikanyaga inafanya kinyume, noti zinavuma ukiinua mguu.

Idadi ya midundo ya ngoma iliyomo ndani ya kinanda, hata wakikwambia mamia, usiilipie senti. Mpiga dramu mnaye.